Siku Niliyovua Kanzu Kwenye Shamba la Kutu

Lori la harusi lilifunga breki mbele yangu, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya barabara nimevaa gunia. Sikulibeba, nililivaa, gunia la katani lenye kuwasha kama upupu, nimelizungusha kiunoni na kulishika kwa nyuma kwa mkono mmoja maana lilikuwa limechanika mahali pabaya, na mwili wangu kuanzia utosini ulikuwa mwekundu kama bati bovu, na nyuma yangu nusu ya watu wa kijiji chetu hapa Maramba wananipigia masufuria na kuniita mwanga, yaani mchawi. Juu ya lori wanawake wa Horohoro walikuwa wakiimba. Wimbo ukakatika sauti moja baada ya nyingine, akabaki bibi mmoja kiziwi anaendelea peke yake na tari lake.

Mzee Sefu, baba wa bwana harusi, akateremka kutoka kiti cha mbele, kando ya dereva, katika kanzu nyeupe ya kuumiza macho. Mimi na yeye tulikuwa hatujapata kuonana uso kwa uso, posa yote ililetwa na mshenga. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akamgeukia mke wangu Mwanajuma, aliyekuwa amefika mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama, huyu ni nani?"

Mwanajuma akaushusha mwiko. "Ndiye baba wa bibi harusi," akasema, kisha akainamisha kichwa. "Lakini si kila siku anakuwa hivi."

Basi hiyo ndiyo aibu yangu, nimeimwaga mbele yenu kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaitia chumvi (ingawa sijui chumvi gani itaongezeka hapo). Mimi ni Mbwana, mkulima, elimu yangu ni ya madrasa na darasa la pili la shule ya serikali, kwa hiyo mkiona maneno yangu yanakimbia bila kupumzika mnivumilie, nayaandika kama ninavyoyasema. Na mkiniona nacheka msidhani nimesamehe. Kuna watu wawili walionifikisha pale barabarani, nao nitawataja kwa majina yao, wa kwanza ni Bwana Elieza, bwana shamba, na wa pili ni jirani yangu Juma Kipaza, ambaye jina hilo la Kipaza hakupewa bure.

Turudi nyuma. Miaka ile ya hamsini ilipoanza, mahindi ya pwani yetu yalipatwa na maradhi ambayo wazee hawakuwa na jina lake. Unapanda vizuri, yanaota vizuri, yanafika kifuani, halafu asubuhi moja unaona majani yana vipele vidogo vya rangi ya machungwa, ukigusa vinapasuka na kukuachia unga mwekundu vidoleni, na baada ya siku si nyingi shamba zima limekauka kama lililopitiwa na moto, gunzi halina hata punje za kumpa kuku. Tukaiita kutu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tukala bada, ule ugali wa muhogo, asubuhi, tukala bada jioni, mpaka watoto wakawa wakisikia mwiko unagonga chungu wanaanza kulia. Na nyinyi mnatujua watu wa huku, jambo likikosa jina hutafutiwa mtu. Kila aliyekuwa na shamba alikuwa anamwangalia jirani yake kwa jicho la pembeni.

Ndipo akaja Bwana Elieza, kijana wa milimani, Mlutheri mpole, suruali kaki imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alitumwa na Mzungu wa kilimo wa Tanga afungue shamba la kujaribia mahindi, akapewa kipande kilichopakana na changu. Akapanda mistari mingi, kila mstari mbegu yake, mbele ya kila mstari kigingi chenye namba. Nami sikumchukia hata kidogo, nasema kweli, alikuwa akiamkia vizuri, "Shikamoo Mzee Mbwana" kila asubuhi, na alikuwa na subira ya kumweleza mtu kama mimi mambo ambayo mwingine angesema huyu ataelewa nini.

Siku moja tuliketi mpakani akaniambia, "Mzee, hii kutu si laana wala si wadudu. Ni kuvu, ndugu yake ile inayoota kwenye mkate uliolala. Huu unga mwekundu ndio mbegu zake. Ukitua juu ya jani lenye umande unachipua, unatoa uzi mwembamba kuliko unywele, na ule uzi unatambaa ukitafuta tundu, maana jani lina matundu ya kupumulia. Ukilipata unaingia."

"Bila hodi?"

Akacheka. "Hodi anapiga. Ule mguso wake ndiyo hodi. Mahindi yenu hayamjui mgeni huyu, yanaitika karibu, naye akishaingia anatia mdomo kwenye nyama ya jani anaanza kunyonya. Wala haliui upesi, maana kuvu huyu hali mzoga, anakula kilicho hai tu."

Nikamwuliza sasa dawa yake nini, akanionyesha mistari yake. Akasema kuna mahindi yaliyoletwa kutoka Amerika, huko ambako kutu yenyewe ndiko kwao, na kwa kuwa mababu wa mahindi hayo wameishi na adui huyo tangu kale, wengine walizaliwa na kitu ndani ya mbegu, kitu cha kurithi, hakionekani kwa macho, kinachoitambua ile hodi. "Jani lenye urithi huo likiguswa, linajua mwizi huyu. Halisubiri. Linaunguza lenyewe pale pale alipoingilia, linaua nukta yake ndogo, na mgeni anajikuta amezungukwa na maiti, hana cha kunyonya, anakufa njaa. Wewe utaona doa dogo kavu tu. Jani lote limepona."

Jamani, maneno hayo yaliniingia. Mimi ni Mdigo, kwetu mali ilikuwa ikipita kwa mjomba, upande wa mama, halafu wanazuoni wakasema ipite kwa baba, tukagombana mpaka leo, nikamwuliza je mahindi yanarithi kwa nani. Elieza akasema, "Yametushinda nyinyi na sisi. Yanachukua nusu kwa mama, nusu kwa baba." Akanionyesha anavyofunika mbelewele, lile ua la juu ya bua, kwa mfuko wa karatasi ili akusanye vumbi lake na kulipeleka kwenye ndevu za hindi la kwetu, ili mtoto awe na utamu wa nyumbani na kinga ya ugenini. "Hapa mimi ni mshenga," akasema. Kisha akaongeza neno ambalo nimelikumbuka sana baadaye, kwamba kutu nayo ina urithi wake, na siku moja anaweza kuzaliwa mtoto wa kutu asiyekuwa na ile alama inayotambulika, akapiga hodi kwa namna ngeni, na jani likaitika karibu. "Kwa hiyo tusitegemee mlinzi mmoja, Mzee. Tutie walinzi wengi katika ukoo mmoja."

Mpaka hapo mtu mzuri. Sasa sikilizeni alivyoniponza.

Ili ajue mstari upi una kinga, ilibidi mistari yote ipakwe kutu sawasawa, maana mstari uliobahatika kutoguswa nao utaonekana mzima. Kazi hiyo Mzungu alimwagiza Elieza aifanye kwa mkono wake mwenyewe: akusanye majani mabovu, na asubuhi umande ungalipo apite akiyakung'uta juu ya mistari. Elieza akaogopa. Yeye ni mgeni, tena si wa dini yetu, watu wakimwona anamwaga maradhi shambani asubuhi asubuhi watamfanya nini? Akanijia mimi, akanibembeleza. "Wewe mwenyeji, Mzee Mbwana. Nani atakudhania wewe? Ila usimwambie mtu, Mzungu asijue kuwa sikufanya mwenyewe. Na mbegu ya kwanza itakayopona, wallahi mimi si Mwislamu lakini naapa, utapata wewe kabla ya mtu yeyote."

Mtu aliyekula bada mwaka mzima akiahidiwa mahindi hana ujanja. Nikakubali. Asubuhi baada ya asubuhi nikawa napita na gunia la majani mabovu, nimevaa kaniki yangu kuukuu, nakung'uta, narudi nyumbani naoga, naficha kaniki. Hakuna aliyejua isipokuwa binti yangu Zaina, yeye aliona maji ya kufulia yamekuwa mekundu akaniuliza, na Zaina ukimdanganya anakutazama tu mpaka unasema kweli.

Ikafika siku ya harusi ya Zaina huyo huyo. Mwanangu wa pekee, na mchumba wake kijana mwema wa Horohoro, na watu wake wameshatangulia kusema watafika mapema kwa lori, nikah ifungwe asubuhi kabla ya jua kali. Mwanajuma akaniamuru nivae mapema. Nikavaa kikoi kipya na kanzu ya kuazima kutoka kwa Jumbe Hatibu, mkuu wa kijiji chetu, kanzu ya darizi shingoni, pasi ya mkaa imeinyoosha hata nikaogopa kupumua. Nikaketi uani nikijikumbusha maneno ya Kiarabu ya kuozesha, maana mimi ndiye walii, na ulimi wangu mbele ya watu hugeuka kipande cha kuni.

Elieza akachungulia uani. Naye alikuwa mgeni mwalikwa, amevaa tai.

"Mzee, mvua ya jana imeosha unga wote. Mzungu anakuja kesho. Tafadhali, dakika chache tu."

"Leo namwoza binti yangu, Bwana Elieza."

"Umande hauoi wala hauozeshi, Mzee. Ukikauka umekauka."

Nikasema moyoni, ni hapo tu nyuma ya nyumba, nitarudi hata chai haijapoa. (Kila maafa niliyopata kuyaona duniani yalianza na mtu anayesema ni hapo tu.) Nikaitafuta kaniki yangu. Mwanajuma alikuwa ameichana vipande wapishi washikie masufuria ya moto. Nikaenda hivyo hivyo na kanzu ya Jumbe, nikafika shambani, nikalitazama lile gunia la majani mekundu, nikaitazama kanzu. Doa moja tu la kutu kwenye kanzu ile na Jumbe angenidai mpaka kaburini. Na hapo ndipo nilipokata shauri la kijinga kuliko yote niliyopata kukata nikiwa na akili timamu: nikavua. Nikavua kanzu nikaitundika kwenye kigingi, nikavua kofia, nikavua kikoi kwa kuwa nacho kilikuwa kipya, nikamwaga majani chini, gunia nikalifunga kiunoni.

Nikashika majani mabovu mkono huu na mkono huu nikaanza kazi. Kulikuwa na upepo, unga ukawa unanirudia machoni, nikageuka nikaenda kinyumenyume. Na kwa kuwa sikutaka kupoteza wakati, nikawa nayarudia yale maneno yangu ya Kiarabu kwa sauti, nikikosea narudi mwanzo.

Sasa jiwekeni mahali pa Juma Kipaza, aliyekuwa anatafuta mbuzi wake. Anatokeza kwenye mahindi asubuhi ile, anaona nguo zimetundikwa hazina mtu, halafu anaona mtu hana nguo, mwekundu mwili mzima, anatembea kinyumenyume, ananong'ona lugha isiyo ya nyumbani, anakung'uta maradhi juu ya mimea. Haki ya Mungu, ningekuwa mimi ningepiga yowe kabla yake. Kwa yowe la kwanza sina kesi naye.

"Mwanga! Mwanga wa mahindi! Njooni!"

"Juma! Juma we, nyamaza, ni mimi Mbwana!"

"Nakuona!" akajibu. "Ndiyo maana napiga kelele!"

Kwa neno hilo nina kesi naye. Alinijua. Tumetahiriwa jando moja. Badala ya kusimama aniulize, akanyakua kanzu na kikoi na kofia, akakimbia navyo kijijini akivipunga kama bendera, nami nyuma yake namwambia Juma nguo, Juma nguo, na gunia linachanika kila ninaporuka mtaro. Kijijini watu walishajaa kwa ajili ya harusi, sufuria ziko tayari mikononi. Nilipotokeza barabarani nikakutana nao uso kwa uso, nikageuka nikimbilie upande wa pili, na upande wa pili ndiko lilikokuwa linatoka lori.

Yaliyofuata barabarani mmeshayasikia.

Wakanikamata, wakaniketisha chini katikati ya banda la makuti lililojengwa kwa ajili ya nikah, pale pale palipotandikwa mikeka ya masheikh. Jumbe Hatibu akakaa kwenye kiti, kanzu yake mapajani, anaikagua mshono kwa mshono.

"Mbwana," akasema, "nakuuliza mbele ya watu. Kanzu yangu ilikuwapo wakati unafanya mambo yale?"

"Ilikuwa imetundikwa, Jumbe."

"Iliona?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine hawakucheka. Nilizitazama nyuso, nikaona watu ambao nilizika nao wazazi wao, na macho yao hayakuwa na mzaha. Bibi mmoja aliyepoteza shamba lake lote akanisogelea, akapitisha kidole begani kwangu, akawaonyesha watu. "Hii hapa," akasema. "Unga ule ule. Wajukuu wangu wamelala njaa kwa unga huu." Kuna sauti ikasema shamba lile la Mzungu lifyekwe sasa hivi, likachomwe. Kuna nyingine ikasema nichomwe mimi kwanza. Nikamwona Mzee Sefu anamnong'oneza dereva wake, na dereva anaenda kuligeuza lori. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kipigo kinapona. Lakini bibi harusi aliyetiwa hina, watu wake wakaondoka mlangoni kwa sababu babake ni mwanga, huyo atakaa ndani na hina yake mpaka afe.

Nikasema, "Nilitumwa. Nilitumwa na Bwana Elieza. Huyo hapo, mwulizeni."

Watu wote wakageuka. Elieza alikuwa kwenye kiti cha mbele, na tai yake, na kikombe cha kahawa mkononi. Neno moja tu lilitosha, ndiyo. Akakitazama kikombe chake.

"Mzee Mbwana ni jirani yangu mzuri," akasema polepole. "Lakini mambo ya asubuhi hii mimi siyajui."

Sijapata kupigwa kofi zito kuliko maneno hayo.

Mungu hamtupi mja wake. Bi Tatu, kungwi wa Zaina, akatoka ndani, akasimama penye pazia akasema ana salamu kutoka kwa bibi harusi, na bibi harusi ameapa kungwi asipoisema, yeye atatoka aiseme mwenyewe, na aibu iwe juu ya wanaume.

"Zaina anasema hivi: kama babangu ni mwanga, basi mimi ni mtoto wa mwanga, watu wa Horohoro waende kwa amani. Lakini babangu amekuwa akikung'uta unga ule juu ya mistari yote sawasawa tangu mahindi yako magotini. Kabla baba mkwe hajapanda lori, akautazame ule mstari wa karibu na mkorosho. Halafu aseme ni uchawi gani huu unaochagua."

Mzee Sefu akamwashiria dereva angoje. Naye alikuwa mkulima, na kwake Horohoro kutu ilikuwa imemwachia mabua matupu. Akaelekea shambani, watu wakamfuata, mimi nikaburutwa nyuma na gunia langu. Akaenda kwenye mstari wa kwanza, mahindi yamekauka, majani mekundu. Akachuma jani, na badala ya kuligusa kwa kidole akaligandamiza kifuani mwake, juu ya ile kanzu nyeupe ya harusi, akalivuta. Likaacha mstari mwekundu kama mtu aliyekatwa panga. Wanawake wakaguna.

Akaenda mstari wa karibu na mkorosho. Mahindi yalikuwa yamesimama mabichi, yanapigana mabega na upepo, mahindi mawili mawili kwenye bua. Kwenye majani kulikuwa na vidoa vidogo vikavu, kama vya cheche za moto, basi. Akachuma jani, akaligandamiza kifuani upande wa pili, akalivuta. Tukaangalia. Akalivuta tena kwa nguvu. Kanzu ilibaki nyeupe.

"Na hapa pia ulikung'uta?" akaniuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Kila siku, Mzee. Hapa ndipo nilipokung'uta zaidi, maana nilikuwa nashangaa."

Nikamweleza nilivyoelewa, hodi na karibu, na jani linalojiunguza nukta ili lipone lote, na nusu ya mama na nusu ya baba, nadhani nilichanganya mengi. Alisikiliza akilishika lile jani na kulielekeza kwenye jua. Kisha akawageukia watu.

"Mchawi akikuloga shamba hakuachii mstari wa kula," akasema. "Dereva! Zima gari." Akanishika mkono, mkono wangu mwekundu ule ule. "Mkwe, mbegu hii inapatikana vipi?"

Nikah ikafungwa. Jumbe alikataa kunirudishia kanzu (alisema ataisomea dua kwanza), kwa hiyo nilimwozesha binti yangu wa pekee nimejifunga khanga ya mke wangu, na kama mnataka kujua khanga ile iliandikwa nini, iliandikwa Wema Wangu Umeniponza, nayo maandishi yalinikaa sawia makalioni. Mzee Sefu aliketi karibu yangu na ule mstari mwekundu kifuani, alikataa kubadilisha. Na yale maneno ya Kiarabu, wallahi, yalitoka bila kukwama hata mahali pamoja. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

Elieza wakati huo alishapanda baiskeli yake.

Leo mkipita Maramba msimu wa masika mtaona mahindi yanameta mpaka kando ya barabara, na Horohoro vivyo hivyo, Zaina alirudi kwetu wakati wa mavuno akaondoka na mbegu za ile ahadi katika kisanduku chake cha harusi na Mzee Sefu alizipanda kama anayelaza mtoto. Tunakula mahindi ya kuchoma, bada tunalila kwa kupenda siyo kwa kulazimishwa. Nikisimama shambani asubuhi nikaona vile vidoa vikavu kwenye jani nafurahi moyoni, najua mgeni alikuja, hakuitikiwa. Na kila msimu tunachanganya mbegu, tunatia walinzi wengine, kama tulivyofundishwa. Hayo ni mema na siyakatai.

Lakini mnajua mahindi yale yanaitwaje? Mahindi ya Elieza. Siku ya pili Mzungu alikuja kweli, akautazama mstari wa mkorosho, akampa mkono Elieza, akamsifu kwa kuwa amepaka kutu kwa mkono wake mwenyewe bila kukosa siku, na Elieza akasema asante. Mkalimani alitafsiri, nilisikia. Na watu wa hapa, na Juma Kipaza mbele yao, wamepata maelezo yao yanayowatosha: wanasema Mbwana aliloga kweli, ila dawa ya bwana shamba ilikuwa kali kuliko uchawi wa Mbwana, ndiyo maana mstari mmoja ulipona. Basi nikipita kando ya shamba la mtu bado wapo bibi wanaotema mate pembeni, na watoto wananiita Babu Gunia.

Mimi nimeshakuwa mtu mzima, mvi zimenijaa, la gunia naweza kulicheka. Nimejiapiza sitavua kanzu tena nje ya kuta nne hata ikiwaka moto. Lakini Zaina amejifungua mtoto wa kiume, wakampa jina langu, Mbwana. Kesho atakua, atapeleka posa kwa watu, na watu watauliza kama wanavyouliza siku zote, kijana huyu ni wa ukoo gani, na atatokea Juma Kipaza mwingine aseme, ni mjukuu wa yule mwanga wa mahindi. Mahindi yenu niliyasaidia yarithi kinga. Mjukuu wangu arithi doa?

Juma, wewe uko hapa hapa, najua nitakusikia kabla sijakuona, nawe nataka useme hadharani kwamba ulinijua na hukuniuliza. Lakini wewe ni wa pili. Elieza, nimesikia umepandishwa cheo, uko Korogwe, una pikipiki. Njoo nayo. Njoo siku ya gulio watu wamejaa, usimame pale barabarani liliposimama lori, na suruali yako ya pasi, sitaki uvae gunia, na useme neno lile moja ulilolimeza na kahawa yako: ndiyo, mimi ndiye niliyemtuma. Ulinifundisha mwenyewe kwamba hodi ikipigwa lazima kuwe na jibu, la kufungua au la kufunga.

Hodi, Elieza. Nimesimama mlangoni. Itika.